Haki ya Mzee Kutibiwa Mishipa ya Miguu

Katika majibu yote anayopewa mtu mzima aendapo kwa tabibu na maradhi yake, hakuna lililo jepesi kutoka kinywani, wala lililo zito kwa yule anayelipokea, kama lile la kuambiwa kwamba ni uzee. Maana jibu hilo, likishatamkwa, hufunga mlango wa uchunguzi kabla haujafunguliwa, humwondolea tabibu dhima ya kutafuta sababu, na humrudisha mgonjwa nyumbani kwake akiwa amesadiki kwamba adui yake ni miaka aliyoishi, ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuipunguza. Hutolewa kwa maumivu ya kiuno, kwa macho yaliyofifia, na kwa usahaulifu; lakini mahali linapotolewa kwa dhuluma kubwa mno, kwa rai yangu, ni pale mzee anapofunua miguu yake na kuonyesha mishipa iliyotutumka na kujikunja chini ya ngozi, ambayo matabibu huiita varikosi, naye akajibiwa kwamba apake mafuta, ainue miguu alalapo, na amshukuru Mungu kwa umri aliompa.

Nakusudia kutetea hapa kauli moja, nayo ni kwamba mtu mwenye maradhi haya asinyimwe tiba ya upasuaji kwa sababu ya umri wake peke yake, na kwamba jambo la kupimwa ni uzima wa moyo wake, wa mapafu yake na wa mishipa yake mingine, pamoja na haja aliyo nayo yeye mwenyewe kwa miguu yake, wala si hesabu ya miaka iliyoandikwa katika cheti. Zamani waliowazuilia wazee kisu walikuwa na hoja yenye nguvu, na nitaieleza kwa heshima inayostahili. Lakini hoja ile imekwisha ondoka, na kilichobaki ni desturi tu, ambayo huendelea kuwatesa watu kwa kuwa hakuna aliyeisimamisha na kuitaka hoja yake.

Ili msomaji apate kuyapima maneno haya kwa insafu, ni lazima kwanza ajue mishipa hii huharibika vipi. Damu itokayo moyoni husukumwa na moyo wenyewe hata ikafika vidoleni, lakini damu irudiyo kutoka miguuni haina moyo wa kuisukuma; hupanda kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo kila mtu anapopiga hatua huikamua mishipa na kuipeleka damu juu, na baina ya hatua na hatua damu hiyo huzuiwa isianguke na vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena, vyenye tabia moja na mlango wa dema la mvuvi, ambao samaki hupita kuingia wala hapiti kutoka. Vilango hivyo vilielezwa kwa ukamilifu na Hieronymus Fabricius, mwalimu wa utabibu katika mji wa Padua huko Italia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1603. Na mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, alivifanya kuwa mojawapo ya dalili zake alipothibitisha mwaka 1628 kwamba damu huuzunguka mwili na kurejea ilikotoka. Basi vilango hivyo vikilegea, au mshipa ukitanuka hata ncha zake zisikutane, damu iliyopanda hurudi chini na kutuama. Mtu akisimama wima bila kutembea, mkazo wa damu katika vena za kifundo cha mguu hufika takriban milimita 90 za zebaki. Mwenye vilango vizima akianza kutembea, mkazo huo hushuka hata ukafika karibu 30 au chini yake. Lakini yule ambaye vilango vyake vimeharibika hutembea kutwa nzima na mguu wake usipate nafuu ile, kana kwamba hakuondoka mahali alipokuwa amesimama.

Ngozi haikuumbwa ili istahimili jambo hilo kwa miaka. Kwanza mguu huwa mzito jioni na kuvimba kifundoni, kisha huwasha, kisha damu inayochujuka nje ya mishipa huacha madini yake ya chuma katika ngozi na kuigeuza rangi, ikawa nyeusi au ya hudhurungi kupita ile ya mwili. Baadaye ngozi hukakamaa, mguu ukawa mwembamba juu ya kifundo na mnene juu yake zaidi, na mwisho wake, kwa sababu ndogo kama kujikwaruza au kugonga mguu wa kitanda, hufunguka kidonda, aghalabu upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Wala si uzee uletao mambo hayo. Huletwa na maumbile aliyorithi mtu kwa wazazi wake, na mimba nyingi alizobeba mwanamke, na kazi za kusimama kutwa, na unene wa mwili, na pengine damu iliyoganda mguuni miaka mingi iliyopita. Uzee hutoa muda tu, ili yale yaliyoanza katika ujana yapate kutimia. Kumwambia mtu wa miaka 75 kwamba mishipa yake ni uzee ni sawa na kumnyima habari ya maradhi ambayo angeweza kutibiwa tangu alipokuwa na miaka 45, na ambayo hata leo wakati wake haujapita.

Nataka nikae kidogo juu ya kidonda, kwa sababu ndicho kinachoyageuza maradhi haya kutoka katika usumbufu na kuyafanya kuwa msiba wa nyumba nzima. Kidonda cha namna hii hakifanani na jeraha la panga au la mwiba, ambalo hujifunga lenyewe likiachwa safi. Hiki hukaa miezi, na kwa wengine hukaa miaka, kikifunga kidogo na kufunguka tena, kikitoa majimaji yanayolowesha bendeji, shuka na mkeka. Mgonjwa hukiosha kwa maji ya chumvi, hukipaka asali, hufungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya nyama iliyo wazi, huenda kwa mganga wa mitishamba, na hununua marhamu kila mwezi kwa fedha anazotumiwa na watoto. Na yote hayo, hata yale yasiyodhuru, hayafiki kwenye sababu, kwa kuwa sababu haimo katika uso wa kidonda bali imo katika mshipa ulio juu yake, unaoendelea kumimina damu chini usiku na mchana.

Na ziko hasara ambazo hazihesabiki kwa shilingi. Mzee wa pwani, aliyezoea tangu ujana kusimama safu ya mbele msikitini, huanza kuhofia kwamba majimaji ya mguu wake yatachafua busati, au kwamba harufu itamfikia jirani yake katika sala, na hofu hiyo humrudisha safu za nyuma, kisha humrudisha barazani kwake, kisha chumbani. Wanazuoni wameeleza tangu kale hukumu ya mwenye jeraha lililofungwa, kwamba anaruhusiwa kupitisha mkono wenye maji juu ya kitambaa na sala yake ikasihi, lakini haya ina nguvu kuliko ruhusa, na mtu mwenye staha huchagua kukosekana kuliko kuwaudhi watu. Kadhalika mama wa kanisani aliyekuwa akiimba kwaya akiwa amesimama saa mbili, na bibi aliyekuwa akipita kila alasiri kuwaangalia wajukuu mtaa wa pili, wote hupunguza mwendo kidogo kidogo, na kifundo kisichotembezwa hukakamaa, na misuli ya shavu la mguu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikisaidia damu kupanda, hunyong'onyea, na maradhi yakazidi kwa sababu ya kule kukaa.

Iko hatari nyingine ambayo haingoji kidonda. Mshipa uliotanuka karibu na kifundo, juu yake pakiwa na ngozi nyembamba kama karatasi, waweza kupasuka bila maumivu, pengine mtu akiwa anaoga au amelala, na damu ikatoka kwa wingi unaotisha. Wako watu waliokufa kwa kutokwa na damu namna hii, wengi wao wazee wakaao peke yao. Huduma yake ya kwanza kila mtu aweza kuijua: alazwe chini, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, na mahali panapotoka damu pabanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi mpaka ikome, kisha apelekwe hospitali. Asiketishwe kitini, wala asifungwe kamba juu ya jeraha, kwa maana kamba huizuia damu isirudi moyoni na huizidisha pale inapotokea.

Kwa nini, basi, maradhi yenye uzito huu hayasemwi sana kwetu? Sehemu ya jawabu imo katika historia ya utabibu wa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyeitumikia Uganda kwa takriban miaka ishirini baada ya Vita Vikuu vya Pili, na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958, aliandika mwaka 1972 katika jarida la British Medical Journal kwamba varikosi, pamoja na bawasiri na damu kuganda miguuni, ni maradhi ya watu wa Magharibi wanaokula vyakula vilivyokobolewa, na kwamba Waafrika wanaokula vyakula vyenye makapi huyapata kwa nadra. Burkitt alikuwa mtu mwema na mwenye macho makali, na nasaha yake juu ya chakula imewafaa watu wengi duniani. Lakini habari zake nyingi zilitoka hospitalini, na hospitali humjua tu yule aliyekwenda. Mguu unaofunikwa na kanga, na buibui, na kanzu, na msuli, hauonekani njiani, na mwenye nao hamwonyeshi daktari maadamu anaweza kutembea, seuze daktari mgeni asiyejua lugha yake. Ya kwamba hesabu ya hospitali hupotosha katika jambo hili ilidhihirika huko huko Ulaya: watu walidhani kwa miaka mingi kuwa varikosi ni maradhi ya wanawake zaidi, kwa kuwa wanawake ndio waliokwenda kutibiwa, hata wachunguzi wa mji wa Edinburgh, katika miaka ya 1990, walipowapima watu wa kawaida wenye miaka 18 hadi 64, wakakuta mishipa hiyo kwa wanaume 40 katika kila 100, na kwa wanawake 32.

Na hata tukikubali kwamba Burkitt alisema kweli juu ya zama zake, zama hizo si zetu. Watu wetu wanaishi miaka mingi kuliko babu zao, miili imekuwa mizito mijini, na kazi za kusimama zimeongezeka: mwalimu mbele ya ubao, muuguzi wodini, mlinzi getini, mpishi wa hoteli, kinyozi, muuza duka asiyepewa kiti. Hao ndio wanaostaafu sasa, na miguu yao wanakwenda nayo uzeeni.

Sasa nije kwenye kisu. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, amesimulia habari za Gaius Marius, jemadari wa Roma, kwamba alimpa tabibu mguu wake mmoja ukatwe mishipa, akastahimili bila kufungwa kamba wala kuugua, na tabibu alipotaka kuugeukia mguu wa pili jemadari akakataa, akaona kwamba faida ya tiba haikulingana na maumivu yake. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Abul-Qasim al-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki yapata mwaka 1013, alieleza katika juzuu ya upasuaji ya kitabu chake kikubwa, Kitab al-Tasrif, namna ya kuufunua mshipa uliovimba kwa kupasua ngozi mahali kadha wa kadha, kuunyanyua kwa kulabu na kuuvuta utoke, na maelezo yake ni ya mtu aliyeijua kazi kwa mikono yake. Friedrich Trendelenburg wa Ujerumani alirudisha fikra hizo katika utabibu wa kisasa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuufunga mshipa mkubwa wa paja usishushe damu, na katika miaka ya 1905 hadi 1907 wapasuaji wa Marekani wakatengeneza vyombo vya kuuvua mshipa huo mzima kwa kuupitishia waya ndani yake.

Uvuaji huo ndio uliokuwa tiba kuu kwa karibu karne nzima, na ndio uliozaa desturi ya kuwaacha wazee. Mgonjwa alilazwa kwa nusukaputi, akapasuliwa kinenani na karibu na goti, mshipa ukavutwa, na baada yake akabaki na michubuko na maumivu ya siku nyingi. Na katika zama ambazo mgonjwa alilazwa kitandani muda mrefu kwa kudhani kwamba kulala ni uponyaji, damu iliganda katika vena za ndani, ikapanda mapafuni, na mzee aliyeingia hospitali kwa miguu yake alitoka amebebwa. Tabibu aliyemwambia mtu wa miaka 70, mwenye moyo dhaifu na kifua cha pumu, kwamba hatari ya kutibiwa yapita hatari ya kuvumilia, hakuwa mzembe. Alikuwa mwaminifu kwa elimu ya wakati wake.

Lakini tangu mwisho wa karne ya 20 kazi hii imebadilika kwa namna ambayo, lau Marius angeijua, asingeuzuia mguu wake wa pili. Mpasuaji wa leo hautafuti mshipa kwa kisu. Huutazama katika kioo cha mashine ya ultrasaundi, huuona ukipeleka damu upande usiostahili, kisha huingiza ndani yake, kupitia tundu la sindano karibu na goti, waya mwembamba wenye mwanga wa leza au wenye joto litokalo katika mawimbi ya redio, ambalo hufika nyuzi 120 za Selsiasi, na akiuondoa waya huo polepole mshipa huungua kwa ndani, hujikunja na kujifunga, na damu hugeukia vena nyingine zilizo nzima. Nusukaputi haihitajiki; badala yake dawa ya ganzi iliyozimuliwa kwa maji mengi hudungwa kuuzunguka mshipa kwa urefu wake, ikazuia maumivu na kuikinga nyama ya pembeni isiunguzwe. Iko njia ya tatu isiyohitaji hata joto: dawa ya kuufunga mshipa huchanganywa na hewa kwa kusukumwa huku na huko kati ya mabomba mawili ya sindano mpaka iwe povu, kisha povu hilo hudungwa mshipani huku tabibu akilitazama katika kioo. Mgonjwa husimama saa ile ile, hutembea, na hurudi kwake siku hiyo hiyo. Kutembea kumekuwa sehemu ya dawa. Yamkini akabaki na michubuko, au ngozi ikafa ganzi mahali, au ikabadilika rangi, na mara chache damu huweza kuganda, na hayo yote sharti aelezwe kabla ya kukubali. Hata hivyo, hatari iliyowafanya mababa wa utabibu wawazuie wazee, yaani ya nusukaputi na ya kulazwa kitandani, haimo tena katika njia hizi.

Wala hatusemi haya kwa kutumaini tu. Jarida la Lancet lilitangaza mwaka 2004 uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 500 wenye vidonda vya miguu au waliopona karibuni, baadhi yao wakafungwa bendeji za kubana peke yake, na baadhi wakafungwa bendeji hizo na kupasuliwa pia. Vidonda vilipona kwa kadiri moja katika makundi yote mawili, takriban asilimia 65 kwa wiki 24, lakini katika mwaka uliofuata kupona vilirudi kwa asilimia 28 ya waliofungwa tu, na kwa asilimia 12 ya waliopasuliwa. Mwaka 2018 ukatangazwa katika New England Journal of Medicine uchunguzi mwingine wa Waingereza, wa watu 450 ambao umri wao wa wastani ulikuwa karibu miaka 68. Waliofungwa mishipa mapema kwa njia hizi mpya, bila kungoja kidonda kifunge kwanza, nusu yao walikuwa wamepona kwa siku 56, na waliocheleweshwa nusu yao ilihitaji siku 82. Namwomba msomaji aziangalie siku hizo 26 kwa jicho la anayemfunga mama yake bendeji kila asubuhi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na NICE, taasisi inayoongoza utabibu wa serikali ya Uingereza, umeweka tiba ya joto kuwa ya kwanza, ya povu kuwa ya pili, na uvuaji wa mshipa kuwa wa tatu, na soksi za kubana zikawa za wale tu ambao tiba hizo haziwafai; wala haukuweka ukomo wa umri.

Ingekuwa hiana, hata hivyo, kama ningemfanya msomaji adhani kwamba kila mguu wa mzee uliovimba unangoja waya wa joto. Miguu yote miwili ikivimba pamoja, na pumzi ikawa fupi, sababu huenda ikawa moyo au figo. Pwani yetu ina matende, ambayo ni maradhi ya mirija mingine kabisa. Kidonda kilichoinuka kingo zake na kuota nyama chaweza kuwa saratani, na kipande chake kikatwe kipimwe. Mwenye kisukari, au aliyevuta tumbaku miaka mingi, huenda ateri zake, zinazoleta damu miguuni, zimeziba, na mtu huyo akifungwa bendeji ya kubana nyama yake yaweza kufa. Kwa hiyo hapana mguu wa mzee ustahilio kubanwa kabla ya mapigo yake kushikwa, na mkazo wa damu wa kifundo kulinganishwa na ule wa mkono; na ule wa kifundo ukipungua chini ya sehemu nane katika kumi za ule wa mkono, hilo ni onyo. Ambaye vena zake za ndani zimeziba huenda mishipa ile ya juu iliyotutumka ndiyo njia pekee iliyobaki ya damu yake, na kuifunga ni kumdhuru. Na mzee asiyeondoka kitandani kwa maradhi mengine hatafaidika kwa kutengenezewa mishipa ya kutembelea. Hizo ndizo sababu za haki za kumzuilia mtu tiba, na tazama kwamba hapana hata moja kati yake iliyo umri. Mtu wa miaka 50 aweza kuwa nazo zote, na wa miaka 82 asiwe na hata moja.

Liko na la watoto. Katika nyumba zetu, kwa mapenzi yasiyo na shaka, wana hukaa kikao na kuamua kwamba baba asisumbuliwe na mambo ya hospitali, apumzike. Na baba, aliyewalea na kuwaamulia miaka arubaini, hungoja uamuzi wao sebuleni. Heshima haikamiliki namna hiyo. Aelezwe yeye, kwa lugha anayoielewa, maradhi ni nini, tiba ni ipi, itauma kadiri gani na itamrudishia nini. Akikubali apelekwe, na akikataa baada ya kuelewa, kama jemadari wa Roma alivyoukataa mguu wa pili, basi kauli yake ifuatwe.

Serikali nazo zina sehemu yao. Tanzania ilitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na katika hospitali zetu nyingi lipo dirisha la wazee. Ni jambo jema, ila dirisha lina thamani ya kile kinachotolewa ndani yake. Mashine za ultrasaundi zimekwisha fika katika hospitali za mikoa na nyingi za wilaya, ambako hutumika zaidi kwa wajawazito. Kupima vena za miguu kwahitaji kichwa chake maalumu cha mashine hiyo na mtu aliyefundishwa kukitumia, wala si jengo jipya. Tiba ya povu yataka dawa, mabomba ya sindano, kiunganishi cha njia tatu na mkono uliofunzwa, na gharama yake iko chini sana kuliko ile ya leza. Ndiyo ningeanza nayo kama ningekuwa na amri. Mahali ambapo hata hiyo haipo, mpasuaji wa hospitali ya mkoa aweza kuufunga mshipa na kuuvua kwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, kazi isiyopita elimu yake. Na mifuko ya bima isiyahesabu matibabu haya kuwa ya urembo: pale ngozi ilipokwisha badilika rangi au kufunguka kidonda, urembo haumo tena katika mazungumzo, na gharama ya kumfungia mtu kidonda miaka mitano yapita ile ya kuuziba mshipa mara moja.

Nawaomba basi waganga wakuu wa mikoa wampeleke angalau mtumishi mmoja wa ultrasaundi katika kila hospitali akafunzwe kupima vena za miguu. Nawaomba wenye wazazi waombe ruhusa kwa adabu waione miguu iliyo chini ya kanzu na kanga, wakitazama juu ya kifundo upande wa ndani kama ngozi imekuwa nyeusi, ngumu au yenye majimaji. Kidonda cha mahali hapo kilichopita wiki mbili bila kufunga kipelekwe kwa mpasuaji, mwenye nacho awe na miaka 50 au awe na miaka 85.